Mlango wa jaji ukifungwa, aliyekamatwa anabaki na nini?

Swali: "Wakili, salamu. Mimi ni Mkenya, naishi Ohio na familia yangu. Mwaka 2025 tulisikia kwenye habari kwamba serikali ya Marekani inaangalia uwezekano wa kusimamisha habeas corpus. Shemeji yangu akasema hilo si geni, Abraham Lincoln alilifanya wakati wa vita na hakuna aliyemzuia. Naomba unieleze: kweli rais anaweza kulifanya peke yake? Likifanyika, mtu akikamatwa anabaki na nini? Na kwetu Kenya sheria inasemaje?"

Jibu: Dada yangu, salamu zimefika, nawe wafikishie shemeji zangu. Alichokuambia shemeji yako ni nusu ya habari. Lincoln alisimamisha kweli, tena kwa miaka. Lakini kusema hakuna aliyemzuia ni kuruka sura nzima. Jaji Mkuu wa nchi alimwandikia kwamba amevuka mpaka, Bunge likaja kumwekea masharti, na vita vilipokwisha Mahakama ya Juu ikamfungua mtu ambaye jeshi lilikuwa limeshapanga hadi siku ya kumnyonga. Jibu la swali lako limo katika nusu hiyo ya pili, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwanza tukubaliane jambo lenyewe ni lipi. Habeas corpus ni Kilatini cha mahakama za Kiingereza za zamani, na kwa lugha yetu ni kama kusema "mlete mtu mwenyewe". Jaji humwandikia yeyote anayemshikilia mtu, awe mkuu wa gereza, kamanda wa kambi au waziri: mlete mbele yangu siku fulani, saa fulani, uniambie umemfunga kwa sheria ipi. Amri hiyo haiulizi kama mtu ana hatia. Inauliza kama aliyemfunga ana mamlaka ya kumfunga. Akikosa jibu la kisheria, mtu huyo anakwenda nyumbani.

Nilielewa uzito wake nikiwa wakili kijana. Usiku mmoja nilisimama kwenye kaunta ya kituo cha polisi, kando yangu mama aliyekuwa akimtafuta mwanawe kwa siku ya tatu. Kandambili za kijana amezifunga kwenye leso, kwa sababu alichukuliwa nyumbani miguu mitupu. Askari wa zamu akafungua kitabu cha matukio, yaani OB, akashusha kidole jina baada ya jina, kisha akakifunga. "Hayupo hapa, mama." Asubuhi tukapeleka maombi ya habeas corpus Mahakama Kuu. Kabla ya jioni kijana akaandikwa kwenye kitabu kilekile, katika kituo kilekile. Hakuna hoja iliyosikilizwa siku ile. Jaji aliuliza tu yuko wapi, na swali likatosha. Kwa hiyo ninaposikia serikali yoyote inataka kulizima swali hilo, siwezi kulichukulia kama mjadala wa vitabuni.

Sasa twende Marekani. Katiba yao, Ibara ya 1 kifungu cha 9, inasema haki ya habeas corpus haitasimamishwa, isipokuwa kukiwa na uasi au uvamizi na usalama wa umma ukahitaji hivyo. Masharti ni mawili na yote lazima yatimie: uasi au uvamizi wenyewe uwepo, na usalama wa watu uhitaji hatua hiyo. Vita vinavyopiganwa ng'ambo, peke yake, havitoshi. Kifungu hakitaji nani mwenye kusimamisha, na ugomvi wote ulizaliwa hapo. Lakini angalia kimekaa wapi. Ibara ya 1 ni ya Bunge, na rais ana ibara yake, ya 2. Mwenye nyumba akiweka ufunguo kwenye chumba cha mkubwa, hahitaji kubandika karatasi inayosema ni wa nani.

Aprili 1861 majimbo ya kusini yalikuwa yamejitenga, na tarehe 12 mizinga ikalia kwenye ngome ya Fort Sumter, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Mji mkuu, Washington, uko katikati ya Virginia na Maryland, na Maryland lilikuwa jimbo la watumwa ambalo moyo wake ulikuwa nusunusu. Wanajeshi kutoka kaskazini walilazimika kupitia Baltimore, ambako mabehewa yalivutwa na farasi kutoka stesheni moja hadi nyingine. Tarehe 19 Aprili umati ukaziba reli na kuwarushia mawe wanajeshi wa Massachusetts, risasi zikafuata, wakafa wanajeshi 4 na raia 12. Kisha madaraja ya reli kaskazini mwa jiji yakachomwa moto. Kwa siku kadhaa Washington ikawa kama kisiwa. Bunge halikuwa limeketi. Tarehe 27 Aprili Lincoln akamwandikia Jenerali Winfield Scott kumruhusu kusimamisha habeas corpus kando ya njia ya kijeshi kati ya Philadelphia na Washington, iwapo ingebidi.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Mei wanajeshi wakamtoa kitandani John Merryman, mkulima wa Maryland na ofisa wa wanamgambo wa jimbo, aliyeshukiwa kushiriki katika kuharibu madaraja, wakamfunga katika ngome ya Fort McHenry. Wakili wake akaenda kwa Jaji Mkuu Roger Taney, mzee wa miaka 84, naye akamwamuru Jenerali George Cadwalader amlete mfungwa mahakamani tarehe 27. Siku ilipofika Cadwalader hakuja wala hakumleta Merryman. Alimtuma kanali aliyevaa sare kusema rais amempa ruhusa ya kutotii. Taney akaandika amri ya kumkamata jenerali kwa kudharau mahakama, na kesho yake afisa wa mahakama akaenda nayo hadi lango la nje la ngome. Akapeleka kadi yake ya jina ndani. Mjumbe akarudi na kumwambia kwamba kadi yake haina majibu. Lango halikufunguliwa, naye akarudi mjini na karatasi yake mkononi.

Kila nikifundisha kesi hii huwa nawaomba wanafunzi wasimame kwanza hapo langoni. Upande mmoja karatasi ya Jaji Mkuu wa nchi, upande wa pili bunduki, na katikati mfungwa ambaye hajaambiwa kosa lake mbele ya hakimu yeyote. Taney alikiri kwamba hana nguvu za kuvunja lango lile. Akaandika hukumu yake kwamba ni Bunge tu linaloweza kusimamisha haki hii, akaagiza nakala ipelekwe kwa rais. Inaniuma kusema kwamba mkono ulioandika hivyo ndio ulioandika mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Sina mapenzi na Taney. Ila juu ya kifungu hiki alikisoma sawasawa.

Lincoln alimjibu tarehe 4 Julai mbele ya Bunge. Je, aliuliza, sheria zote ziachwe bila kutekelezwa na serikali yenyewe ivunjike, ili sheria moja tu isiguswe? Tena Katiba haisemi nani asimamishe, na hatari haiwezi kungoja wabunge wafunge safari. Hoja hiyo ina uzito, na mtu mkweli lazima aukubali: reli imekatwa, mji umezingirwa, Bunge halipo. Lakini ni hoja ya wiki chache. Bunge liliketi Julai ile, ilhali sheria ya kumpa rais ruhusa ilikuja tarehe 3 Machi 1863. Katikati hapo, tarehe 24 Septemba 1862, Lincoln alitangaza kusimamisha nchi nzima dhidi ya wanaowakatisha watu tamaa ya kujiunga na jeshi na wenye "vitendo visivyo vya uaminifu". Maneno mapana kama hayo yakiwa mikononi mwa jeshi, mwandishi wa gazeti na mchoma madaraja wanalala seli moja. Kilichoanza na reli moja kikafika Ohio yako hiyo, mbali na uwanja wa vita, ambako Clement Vallandigham, aliyekuwa mbunge, alikamatwa usiku nyumbani kwake Dayton Mei 1863 kwa sababu ya hotuba, akahukumiwa na jopo la kijeshi na mwishowe kufukuziwa upande wa kusini.

Sheria ile ya Machi 1863 hukumbukwa kama ushindi wa Lincoln, na kwa nusu ndivyo: ilimpa ruhusa, na ikawapa maofisa wake kinga wakishtakiwa kwa kukamata watu. Isome hadi kifungu cha pili lakini. Bunge liliwaagiza mawaziri wawapelekee majaji orodha ya majina ya raia wote wa majimbo yaliyobaki upande wa serikali ambao wanashikiliwa bila kuwa mateka wa vita. Jopo la raia linaloamua nani ashtakiwe likimaliza kikao bila kumshtaki aliye kwenye orodha, jaji amwachie, mradi aape kuitii serikali. Haki imesimamishwa, lakini jina lazima lifike kwa jaji. Jeshi halikuitekeleza ipasavyo, hata hivyo msingi ukawa umewekwa. Mimi nakiona kifungu hicho kuwa kazi bora kuliko zote iliyofanywa na upande wowote katika vita ile juu ya jambo hili. Kilijua kwamba mfungwa hupotea kabisa pale jina lake linapokosekana nje ya kambi.

Aliyenufaika nacho ni Lambdin Milligan, wakili wa Indiana, mpinzani mkali wa vita. Jeshi lilimkamata nyumbani kwake Oktoba 1864, likamshtaki kwa kula njama na waasi, jopo la maofisa likamhukumu kunyongwa tarehe 19 Mei 1865. Mahakama za kiraia za Indiana zilikuwa wazi muda wote huo. Jopo la raia liliketi Indianapolis Januari 1865, likamaliza, halikumshtaki. Rais Andrew Johnson aliibadili adhabu kuwa kifungo cha maisha, na tarehe 3 Aprili 1866 Mahakama ya Juu ikaamuru aachiwe. Aliyeandika maoni ya mahakama ni Jaji David Davis, rafiki wa Lincoln wa miaka mingi, aliyewekwa pale na Lincoln mwenyewe. Alisema Katiba ni sheria ya watawala na watu pia, wakati wa vita na wakati wa amani, na kwamba raia hawezi kuhukumiwa na jeshi mahali ambapo mahakama zimefunguliwa na zinafanya kazi.

Humo ndimo limo jibu la swali lako la pili. Davis alieleza kwamba amri yenyewe haisimamishwi. Kinachosimamishwa ni nafuu yake, yaani faida ambayo mfungwa angeipata kutokana nayo. Mtu anaweza kuleta maombi, jaji akauliza, na mshikaji akajibu. Hapo ndipo jaji huamua kama mwombaji huyu, katika hali hii, amezuiwa kwenda mbele zaidi. Kwa hiyo jaji bado ana la kutazama: mtu huyu yumo katika kundi lililotajwa? Yuko katika eneo lililotajwa? Aliyesimamisha alikuwa na mamlaka? Kusimamisha pia hakugeuzi ukamataji wa haramu kuwa wa halali, wala hakumpi askari kiti cha hakimu, wala hakufuti mawakili na ushahidi siku kesi itakapokuja. Kunachelewesha jibu. Ila kuchelewesha huko ndiko kunakovunja watu, na sitaki ulichukulie kwa wepesi. Milligan alipotoka alishtaki waliomfunga. Mwaka 1871 baraza la raia likakubali kwamba alikosewa, likampa fidia ya dola 5.

Mwaka huohuo wa 1871 haki hii ilisimamishwa kwa sababu ninayoweza kuitetea, na haki inanidai niiseme. Huko South Carolina wanaume wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu, nyuso zimefunikwa, walikuwa wakiwatoa watu weusi majumbani usiku, wakiwachapa na kuwaua kwa kuwa wamepiga kura. Mashahidi waliogopa, na masherifu wengine walikuwa upande wa wauaji. Bunge likapitisha sheria Aprili, Rais Grant akasimamisha Oktoba katika kaunti 9 tu, mamia wakakamatwa, kisha kesi zikaenda mahakama za kiraia. Bunge lilitangulia, eneo likatajwa kwa majina, na ruhusa yenyewe ilikuwa na mwisho. Tofauti na tangazo la 1862 inaonekana hata ukifumba jicho moja.

Hawaii sitakaa sana. Siku ileile Japani iliposhambulia Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, gavana alisimamisha haki na kulikabidhi jeshi visiwa vyote, likahukumu hata makosa ya barabarani hadi Oktoba 1944. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1946, vita vimekwisha, kwamba kuwahukumu raia kijeshi hakukuwa halali. Majaji wengi huwa na ujasiri baada ya mizinga kunyamaza.

Lakini Mitsuye Endo hakungoja. Watu kama 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia, walipelekwa makambini kutoka pwani ya magharibi, na huko bara habeas corpus haikuwa imesimamishwa. Endo alikuwa karani wa ofisi ya jimbo la California, kaka yake yuko katika jeshi la Marekani. Julai 1942 wakili wake akawasilisha maombi. Serikali ikamwambia atatoka kambini iwapo atakubali kutorudi pwani. Angekubali, kesi ingekufa. Akakataa, akabaki nyuma ya waya zaidi ya miaka 2, hadi tarehe 18 Desemba 1944 Mahakama ya Juu iliposema serikali haina mamlaka ya kumshikilia raia mwaminifu. Mwanamke mmoja alikubali kulala kambini ili swali la maelfu lijibiwe.

Basi tuje 2025. Tarehe 9 Mei Stephen Miller, msaidizi wa Rais Trump, aliwaambia waandishi kwamba wanaliangalia kwa dhati suala la kusimamisha, akitegemea neno "uvamizi". Siku 11 baadaye waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Kristi Noem, aliulizwa na seneta maana ya habeas corpus, akasema ni haki aliyonayo rais ya kuwaondoa watu nchini. Dada, hapo maana imepinduliwa miguu juu. Haki hii ni ya aliyefungwa, dhidi ya aliyemfunga.

Maoni yangu juu ya neno "uvamizi" ni haya: limewekwa bega kwa bega na "uasi", na yote mawili ni maneno ya silaha. Mtu aliyevuka mpaka kutafuta kazi anaweza kuwa amevunja sheria ya uhamiaji, lakini hajaivamia nchi kwa maana ya kifungu hicho. Na rais peke yake? Tangu Merryman, uzito wa sheria umeelemea upande wa Bunge. Hata mwaka 2004, katika kesi ya Hamdi, raia aliyeshikwa kama mpiganaji adui, Jaji Scalia wa Mahakama ya Juu, ambaye hakuwa mlegevu kwa watuhumiwa wa ugaidi, aliandika, akiupinga uamuzi wa wenzake, kwamba serikali imshtaki raia wake kwa uhaini au kosa jingine, la sivyo Bunge lisimamishe haki hii. Njia ya tatu hakuna. Wageni nao wamo: mwaka 2008, katika kesi ya Boumediene, mahakama ilisema hata waliofungwa Guantánamo, kambi ya jeshi la Marekani huko Cuba, wana haki hii. Tarehe 7 Aprili 2025 ikaamua kwamba wanaotaka kupinga kufukuzwa kwa sheria ya maadui wageni ya mwaka 1798 lazima watumie habeas corpus, tena katika wilaya ya mahakama waliyofungwa.

Jambo hilo la wilaya ndilo la kuwashughulisha nyumbani. Mtu akishikwa Ohio asubuhi na kuhamishiwa jimbo jingine usiku, mahakama inayofaa inaweza kubadilika naye. Wakili anahitaji kujua yuko wapi sasa hivi.

Kenya, namshukuru Mungu kuandika hivi, mlango huo umepigwa misumari ukiwa wazi. Ibara ya 25 ya Katiba ya 2010 inataja mambo manne yasiyoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na amri ya habeas corpus. Rais hawezi, Bunge haliwezi, hata hali ya hatari ikitangazwa chini ya Ibara ya 58. Walioandika hivyo walijua walikotoka. Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana wa kikoloni alitangaza hali ya hatari, na maelfu kwa maelfu wakawekwa kizuizini bila kesi. Baada ya uhuru serikali zetu wenyewe zikaendelea na kizuizi hicho kwa sheria ya usalama wa umma. Jirani zetu Uganda wana kifungu kikali zaidi: Ibara ya 23 ya Katiba yao ya 1995 inasema haki hii haitakiukwa wala kusimamishwa. Nao wana kumbukumbu ya 1966, mawaziri 5 walipokamatwa wakiwa kwenye kikao cha baraza la mawaziri Entebbe, mahakama ya rufani ikawafungua, nao wakakamatwa tena mara moja chini ya kanuni za hali ya hatari.

Ugonjwa wetu Kenya kwa hiyo si kusimamishwa. Ni lile jibu la kaunta. Tangu maandamano ya Juni 2024 familia nyingi zimepeleka maombi, majaji wametoa amri, na polisi wakasema hawana mtu huyo. Amri inamtaka aliyemshika ajibu, na mtekaji wa gari lisilo na namba hajitambulishi. Mawakili tumejifunza kuleta mahakamani picha za kamera za mtaani, rekodi za simu na jirani aliyeona, ili kukana kuwe kugumu.

Kwako wewe na shemeji zangu, fanyeni jambo moja wikendi hii. Kila mtu mzima aandike kwenye karatasi jina lake kamili kama lilivyo kwenye hati, tarehe na nchi ya kuzaliwa, na namba yake ya uhamiaji ile inayoanza na A, maana ndiyo inayotumika kumtafuta mtu katika mfumo wa wanaoshikiliwa. Chini yake pawe na simu ya wakili mwenye leseni huko Ohio, mliyezungumza naye tayari. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa mtu msiyeishi naye. Na watoto wajue iko droo gani.